Suali Barazani, Jawabu Jaladani: Waziri Anavyoulizwa Matumizi ya Fedha za Umma

(Matni ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Katika vikao vya Baraza la Wawakilishi, kabla ya kufikiwa hoja nzito za siku, hutengwa muda wa masuali na majibu. Mwakilishi husimama akauliza. Waziri au Naibu wake husimama akajibu. Kisha hufuata masuali ya nyongeza. Wasikilizaji wengi huyachukua mambo hayo kuwa ni mashindano ya ufasaha. Wakitoka hapo humsifu aliyesema vizuri na kumcheka aliyebabaika. Kuyatazama hivyo ni kuyapunguzia thamani. Muda ule ni miongoni mwa njia chache ambazo kwazo mwenye mali, naye ni mwananchi, humtaka aliyekabidhiwa mali hiyo aeleze hadharani amefanya nayo nini.

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza mambo matatu: utaratibu huo umetoka wapi, unafanyaje kazi hapa Zanzibar, na kwa nini jawabu la kweli huwa limekwishaandikwa ndani ya jalada la ofisi kabla ya kufika katika kinywa cha Waziri.

ASILI YA UTARATIBU

Utaratibu wa kumuuliza Waziri umezaliwa na kadhia ya fedha. Mwaka 1720, nchini Uingereza, hisa za Kampuni ya South Sea zilipanda bei kupita kiasi, kisha zikaanguka na kuwafilisi watu wengi. Ikadhihirika kuwa baadhi ya wakubwa wa Serikali walikuwa wamepewa hisa kwa siri. Mshika fedha wa kampuni hiyo, Robert Knight, ambaye alizijua siri hizo, alitoroka nchi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Tarehe 9 Februari 1721, katika Baraza la Malodi, Lodi Cowper alisimama akamtaka Lodi Sunderland, aliyekuwa kiongozi wa Hazina, aeleze kama ni kweli kwamba mtu huyo amekwishakamatwa. Hilo ndilo suali la mwanzo kwa Waziri lililohifadhiwa katika kumbukumbu za Bunge la nchi hiyo. Suali lile halikutaka hotuba. Lilitaka habari moja tu, juu ya mtu mmoja aliyeshika daftari la fedha.

Baadaye ilionekana kuwa kuuliza peke yake hakutoshi, kwa kuwa muulizaji asiyekuwa na hesabu zilizokaguliwa hana cha kulinganisha na jawabu analopewa. Mwaka 1861, kwa juhudi za Gladstone aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kudumu ya kuchunguza hesabu za umma. Mwaka 1866 ikapitishwa sheria iliyoweka cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Nchi nyingi zilizopitiwa na utawala wa Kiingereza zimerithi mambo hayo matatu yakiwa yamefungamana: suali, mkaguzi na kamati. Likikosekana moja, mengine mawili huchechemea.

Hapa Zanzibar, Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, wakati wa himaya ya Uingereza. Kwa miaka mingi wajumbe wake walikuwa maofisa wa Serikali na watu walioteuliwa. Wajumbe wa kuchaguliwa kwa kura waliingia kwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa mwaka 1957. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kazi ya kutunga sheria ilikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Katiba ya mwaka 1979 ndiyo iliyoanzisha Baraza la Wawakilishi, nalo likaanza kazi zake Januari 1980. Kwa hiyo haki ya kumuuliza Waziri hadharani, kama inavyojulikana leo Unguja na Pemba, ni ya umri wa miongo michache tu. Jambo changa huhitaji kulelewa.

MASHARTI YA KATIBA

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika Kifungu cha 88, inalipa Baraza uwezo wa kuuliza masuali kwa wizara yoyote ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, na kusimamia mipango ya Serikali. Katiba hiyo hiyo inamtaka Rais ateue Mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza. Maana yake ni kuwa anayeulizwa na anayeuliza wamekaa katika ukumbi mmoja, chini ya Spika mmoja. Waziri haitwi kama mgeni. Yumo ndani, na kujibu ni sehemu ya ujumbe wake.

Inafaa kukumbusha mpaka wa mamlaka, kwani hapo ndipo wananchi wengi wanapopoteza muda. Mambo ya Muungano, kama vile ulinzi, polisi na mambo ya nje, huulizwa katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Mambo yasiyokuwa ya Muungano, yakiwemo maji, afya, kilimo, barabara za ndani na skuli za msingi na sekondari, huulizwa katika Baraza la Wawakilishi. Mkaazi wa Makunduchi au wa Konde anaye Mbunge, na anaye Mwakilishi. Akipeleka malalamiko ya kisima kwa yule wa kwanza peke yake, ameugonga mlango usiokuwa wake.

MKUTANO WA BAJETI NA SHILINGI YA MSHAHARA

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kabla ya mwaka mpya kuanza, kila Waziri hulazimika kuleta makadirio ya mapato na matumizi ya wizara yake, na kueleza yaliyofanyika kwa fedha za mwaka unaomalizika. Kamati za Baraza huyapitia makadirio hayo, kisha wajumbe wote huyajadili. Mwishoni Baraza hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitisha fungu baada ya fungu.

Ni katika hatua hiyo ambapo hutumika silaha inayojulikana sana nchini kwa jina la kushika shilingi. Mjumbe asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri, mpaka apatiwe ufafanuzi. Shilingi hiyo haina thamani sokoni, lakini ina historia ndefu. Tarehe 21 Juni 1895, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa tofauti ya kura saba hoja ya kupunguza pauni 100 katika mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, kwa madai kuwa akiba ya baruti za jeshi ilikuwa ndogo mno. Serikali nzima ya Waziri Mkuu Rosebery ikajiuzulu. Kiasi kilichopunguzwa kilikuwa kidogo. Kikubwa kilikuwa ni kauli ya wawakilishi kwamba hawakuridhika na hesabu waliyopewa.

Hata hivyo, shilingi ikishikwa bila ya muulizaji kujua anataka tarakimu gani, huachiwa baada ya dakika chache kwa ahadi tupu. Kwa sababu hiyo ni lazima kuelewa ni tarakimu zipi zinazostahiki kuulizwa.

TARAKIMU NNE

Katika matumizi ya Serikali kuna tarakimu nne, na kila moja ina maana yake.

Ya kwanza ni fedha zilizoidhinishwa. Hiki ni kiasi ambacho Baraza limekubali kitumike. Ni ruhusa tu, na ruhusa haijengi ukuta.

Ya pili ni fedha zilizoingizwa. Hiki ni kiasi ambacho Hazina imekipeleka hasa kwa wizara. Makusanyo ya kodi yakipungua, au mshirika wa maendeleo akichelewesha mchango wake, tarakimu hii huwa ndogo kuliko ya kwanza.

Ya tatu ni fedha zilizotumika, yaani zile zilizolipwa na zenye hati za malipo, stakabadhi na mikataba.

Ya nne ni kazi iliyofanyika: kisima kilichochimbwa, paa lililoezekwa, dawa zilizofika katika rafu za kituo cha afya.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika tu, kuwa ujenzi wa kituo cha afya katika shehia moja uliidhinishiwa shilingi milioni 400. Zikaingizwa milioni 250. Zikatumika milioni 240. Katika kiwanja kuna msingi na kuta, na majani yameanza kuota ndani ya vyumba. Mwakilishi akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kukijenga kituo hicho?", Waziri anaweza kujibu bila ya kusema uongo hata kidogo kuwa Serikali imetenga shilingi milioni 400. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii mgonjwa anayesafirishwa usiku kwa gari ya ng'ombe.

Lakini suali likiwa, "Katika fedha zilizoidhinishwa kwa kituo hicho, ni kiasi gani kimeingizwa hadi tarehe 31 Machi, kiasi gani kimetumika, kwa kazi zipi, na kazi iliyobakia itagharimu kiasi gani?", hapo hapana pa kujificha. Zitaonekana milioni 150 ambazo hazikuingizwa, na itabidi Hazina ieleze. Zitaonekana milioni 240 zilizotumika, na itabidi wizara ieleze kama msingi na kuta zile zinalingana na fedha hizo. Huenda maelezo yakawa ya haki kabisa: bei ya saruji na mabati ilipanda, ardhi ilikuwa ya maji, vifaa vilichelewa bandarini. Maelezo ya haki hayaogopi kusemwa. Yasiyosemwa ndiyo yanayozaa dhana, na dhana mbaya humchafua hata mtumishi mwaminifu.

WAZIRI NA AFISA MASUULI

Wengi hudhani kuwa Waziri ndiye anayeweka sahihi katika malipo. Sivyo. Kwa mujibu wa taratibu za fedha, zikiwemo zile za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2016, anayebeba dhamana ya fedha katika kila fungu ni Afisa Masuuli, ambaye kwa wizara huwa ni Katibu Mkuu. Waziri hujibu mbele ya Baraza kwa sera na kwa utekelezaji wa wizara yake. Afisa Masuuli hujibu mbele ya kamati ya hesabu za Serikali kwa kila malipo, akiwa na vitabu vyake mkononi.

Katikati yao yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na Kifungu cha 112 cha Katiba. Yeye hukagua hesabu na kutoa ripoti kila mwaka. Ripoti yake ndiyo inayompa Mwakilishi macho. Hoja ya ukaguzi isemayo kuwa malipo fulani hayana viambatanisho humwezesha mjumbe kuuliza jambo mahsusi badala ya kuuliza kwa kubahatisha.

Nguvu ya mambo haya yakifungamana ilionekana katika Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2014. Fedha zilizokuwa zimewekwa katika akaunti ya escrow ya Tegeta, katika Benki Kuu, zilikuwa zimetolewa. Mbunge mmoja akaliibua jambo hilo Bungeni. Mkaguzi Mkuu akaagizwa kuchunguza, kamati ya hesabu za Serikali ikaichambua ripoti yake na kuiwasilisha mwezi Novemba, na Bunge likapitisha maazimio. Disemba ya mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na Waziri mmoja akaondolewa katika wadhifa wake. Mbunge yule angebaki na maneno yake peke yake lau asingekuwepo mkaguzi wa kuyapima, na kamati ya kuyafikisha mwisho.

"PINDI FEDHA ZITAKAPOPATIKANA"

Lipo jawabu ambalo kila aliyewahi kusikiliza masuali na majibu amelisikia: kazi itafanywa pindi fedha zitakapopatikana. Jingine ni kuwa Serikali inalifanyia kazi suala hilo. Majibu haya si makosa kwa asili yake. Serikali yoyote, na khasa ya visiwa vyenye mapato madogo na mahitaji mengi, hukutana na uhaba. Kosa ni kuyatoa yakiwa uchi. Uhaba nao una tarakimu zake: ziliombwa kiasi gani, zimepatikana kiasi gani, kipi kimetangulizwa mbele ya kipi, na kwa sababu gani. Mwananchi akielezwa kuwa paa la skuli yake limecheleweshwa ili kituo cha afya cha jirani kipate dawa, anaweza kusikitika, lakini ataelewa. Akiambiwa asubiri tu, mwaka baada ya mwaka, huacha kuuliza. Mwananchi aliyeacha kuuliza huwa pia ameacha kuamini, na kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kumjibu.

Kuna na lawama ya upande wa pili. Baadhi ya masuali huulizwa kwa ajili ya kusikika jimboni tu. Suali refu lenye hotuba ndani yake, au lenye tuhuma isiyokuwa na ushahidi, humpa Waziri njia rahisi ya kutokea: hujibu ile hotuba, akaliacha suali. Suali fupi, lenye fungu, mwaka wa fedha na mahali, ndilo gumu kulikwepa. Na suali la nyongeza lililo bora hutokana na jawabu lililotolewa papo hapo, siyo na karatasi iliyoandikwa nyumbani.

SIRI NA UWAZI

Yako mambo ambayo Waziri ana haki ya kutoyaeleza hadharani. Shauri lililoko mahakamani halijadiliwi kwa namna ya kuliingilia. Tathmini ya zabuni haitangazwi kabla ya uamuzi. Jalada la mgonjwa ni lake na daktari wake. Mambo ya usalama yana taratibu zake. Hayo yanajulikana, na hakuna mjumbe mwenye busara anayeyapinga.

Lakini bei iliyolipwa kwa gari, jina la mkandarasi aliyekwishapewa kazi, idadi ya safari za kikazi na gharama zake, siyo siri. Kifungu cha 18 cha Katiba kinalinda uhuru wa kutafuta na kupokea habari. Mhuri wa "Siri" uliwekwa kwa ajili ya kuilinda nchi, si kwa ajili ya kuifunika hati ya malipo. Ofisi inayoutumia mhuri huo kwa kila karatasi huufanya usiheshimiwe hata pale unapostahiki.

JALADA LA OFISI

Ndugu watumishi, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Suali la maandishi likishapokelewa Barazani hupelekwa wizarani. Likifika wizarani hushuka hadi idara, na kutoka idara hushuka hadi kwa karani, mhasibu au ofisa wa mipango. Jawabu husafiri kwa njia ile ile kurudi juu. Waziri anaposimama husoma yale yaliyopandishwa kutoka chini. Ikiwa jalada lina hati za malipo, ripoti za ukaguzi wa kazi na barua zilizopangwa kwa tarehe, Waziri atakuwa na la kusema. Ikiwa halina, ataandikiwa maneno ya kujaza nafasi. Aibu itampata yeye, lakini hasara itamfika mwananchi.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu ulitumika kwa wafanyabiashara, lakini unaihusu Serikali zaidi, kwa sababu mfanyabiashara hupoteza mali yake, na mtumishi hupoteza mali ya wengine.

Kwa hiyo mambo manne yanahimizwa. Kwanza, kila idara iweke kumbukumbu ya tarakimu nne kwa kila mradi, na iihuishe kila robo mwaka bila ya kungoja kuulizwa. Pili, ahadi yoyote iliyotolewa na Waziri Barazani iandikwe katika daftari maalumu pamoja na tarehe yake, ili suali hilo hilo lisirudi mwaka ujao likakuta jawabu lile lile. Tatu, hoja za ukaguzi zijibiwe kwa viambatanisho, siyo kwa barua za kuomba radhi. Nne, mtumishi anayetayarisha jawabu asimfiche Waziri wake jambo baya. Waziri aliyeelezwa ukweli usiopendeza ana nafasi ya kujiandaa. Aliyepambiwa hugundua ukweli mbele ya Baraza zima.

KAZI YA MWANANCHI

Mwananchi naye ana sehemu yake. Mwakilishi hawezi kuuliza asilolijua. Malalamiko ya jumla kwamba "hapa hapafanyiki kitu" hayazai suali zuri. Lakini mkaazi akimweleza Mwakilishi wake kuwa mfereji wa shehia yao ulianza kuchimbwa mwezi fulani, ukasimama mwezi fulani, na mabomba yamelazwa mahali fulani, amekwishamwandikia nusu ya suali. Ofisi ya Sheha na mikutano ya jimbo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Aidha, jawabu likishatolewa lisiachwe likapotea hewani. Maneno yanayosemwa Barazani huandikwa katika taarifa rasmi, na taarifa hiyo ni kumbukumbu ya umma. Wakaazi walioahidiwa kisima wana haki ya kuitunza ahadi hiyo, na kuuliza tena, kwa adabu na kwa tarehe, pale muda unapopita.

Ndugu wananchi, ndugu watumishi, kumuuliza Waziri si kumvunjia heshima, wala kujibu si kushindwa. Mwenye dhamana akiulizwa, akafungua daftari, akaonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichofanyika, huondoka ukumbini akiwa na hadhi kubwa kuliko aliyokuja nayo. Daftari hilo halifunguliwi kwa mara ya kwanza siku ya suali. Huandikwa kila siku ya kazi, na mtumishi ambaye jina lake halitatajwa Barazani.